Uzi wa gemu za mafumbo na kutafuta vitu kwenye kompyuta: zipi zina haki na zipi zinatuchezea akili?

MfunguaKufuli (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Humu jukwaani kila uzi wa gemu ni mpira, magari na bunduki. Sina ugomvi na hayo, ila najua tupo wengine ambao tukikaa kwenye kompyuta usiku tunataka kitu cha taratibu. Unaingia kwenye jumba lililohamwa, unafungua droo, unaokota mshale wa saa, unautia mfukoni, na vyumba vitatu mbele unaikuta saa ya ukutani isiyo na mshale. Hakuna anayekukimbiza. Ukiitwa kula unaiacha kama ilivyo.

Nimezicheza kwa miaka na nina msimamo wangu, nauweka mezani muupasue mnavyotaka. Kwangu mimi gemu kuwa nyepesi au ngumu si hoja. Hoja ni kama fumbo lina haki. Lenye haki, ukishindwa ukaenda kuchungulia jibu, unajishika kichwa: "kumbe lilikuwa mbele yangu muda wote!" Lisilo na haki, ukiliona jibu unasonya.

Tuanzie kwa watengenezaji wanaojulikana zaidi. Big Fish Games wa kule Seattle walitoa Mystery Case Files: Huntsville mwaka 2005. Ilikuwa orodha ya vitu, picha iliyojaa takataka, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Basi. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst, wakaongeza hadithi ya kutisha na milango yenye makufuli ya ajabu ajabu ambayo kuyafungua tu ni starehe. Mwaka 2008 Return to Ravenhearst ikabadilisha mambo: sasa unatembea ndani ya jumba lenyewe, unarudi ulikotoka, na kitu ulichookota huku kinafungua njia kule. Gemu nyingi za kutafuta vitu zilizokuja baadaye zimepita humo humo.

Na hapo hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Angalieni zana. Unapewa nyundo, unavunja kioo kimoja, nyundo inatoweka. Chumba cha pili kuna sanduku la mbao laini kabisa, unaambiwa tafuta mtaimbo. Una kisu mfukoni, mbele yako kuna kamba, ukikigusisha unaandikiwa "hakifai hapa", kwa sababu mtengenezaji ameshapanga kwamba kamba hii inakatwa na mkasi, na mkasi uko kwenye mdomo wa sanamu ya samaki, na samaki hafungui mdomo mpaka apate jicho lake la rubi. Halafu yale makabati! Kabati la nguo linafungwa kwa nembo ya bundi iliyokatwa vipande vitatu, kimoja jikoni, kimoja makaburini, kimoja kimeshikwa na kunguru. Sasa mwenye nyumba alikuwa anavaaje asubuhi?

Nacheka, lakini kosa ni kubwa. Gemu ikikuzuia kutumia akili mara tatu nne, unaacha kufikiri. Unaanza kugusisha kila kitu na kila kitu mpaka kimoja kinase.

Sasa chukua Machinarium, kazi ya Amanita Design wa Czech, 2009. Karoboti kametupwa jalalani nje ya mji, kanajiunga viungo kenyewe na kuanza safari. Hakuna neno hata moja la mazungumzo, mawazo yote yanachorwa kwenye viputo juu ya vichwa vyao. Kitu nilichokipenda kuliko vyote: karoboti hakawezi kushika kitu kilicho mbali. Lazima ukasogeze karibu, na wakati mwingine ukarefushe mwili au ukafupishe. Kwa hiyo huwezi kubofya ovyo skrini nzima kwa bahati nasibu, kwa kuwa sheria moja tu ya mwili wake imekufungia njia ya ulaghai. Hata kidokezo kamili kina gharama: kitabu cha majibu kimefungwa kwa kufuli, na kukifungua lazima kwanza ucheze kigemu cha ufunguo unaopambana na buibui. Kigemu chenyewe kinachosha makusudi. Mara nyingi unasema bora nifikiri mwenyewe.

Haya, wadau mwageni zenu.

Bibie_Usiku

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri ila unazionea. Mimi nikitoka kazini sitafuti haki, natafuta kupumzika. Hiyo nembo ya bundi unayoicheka ndiyo raha yenyewe. Najua nikipata kipande cha kwanza viwili vingine vipo mahali, nazungukazunguka navitafuta, mlango unafunguka kwa mlio mzuri, naenda kulala. Akili nimeitumia mchana kutwa, usiku nataka macho ndiyo yafanye kazi.

Halafu umesahau kutaja kitu kinachozifanya zipendeke: zinakuachia uchague ugumu mwanzoni. Ukitaka vitu vimetamete, vinametameta. Ukitaka kitufe cha kidokezo kijijaze haraka, sawa. Fumbo likikushinda, kuna kitufe cha kuliruka. Hakuna anayekusimanga.

Kama unataka zenye akili zaidi, jaribu za Artifex Mundi wa Poland. Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek ina ubao wa ushahidi, vitu unavyookota unavipanga na kuviunganisha mpaka upate nani alifanya nini. Nightmares from the Deep ni ya maharamia wafu, hadithi nyepesi lakini picha zake! Kuna sehemu nilikuwa nasimama tu naangalia bahari.

Chuma_Chakavu

Watu wazima mnatafuta mkasi kwenye picha 😂😂 Hizi si gemu za kina mama?

Bibie_Usiku

Ndiyo, za kina mama. Na kina mama wananunua, ndiyo maana zimetengenezwa mamia. Wewe endelea kupigwa goli tano na mtoto wa miaka tisa mtandaoni.

Ticha_wa_Hesabu

Kwenye vigemu vya katikati, yale mafumbo madogo yanayokusimamisha njiani, ndipo penye utamu wangu, maana vingi ni mafumbo ya zamani yaliyovalishwa nguo mpya.

Ile ya kuhamisha sahani kutoka mnara mmoja kwenda mwingine bila kuweka kubwa juu ya ndogo, ni ya Mfaransa Édouard Lucas, 1883. Hatua chache kabisa zinazowezekana ni mbili zikizidishwa zenyewe mara idadi ya sahani, ukitoa moja. Sahani tatu, hatua 7. Tano, 31. Saba, 127. Sasa ukikuta gemu imekupa sahani saba ujue mtengenezaji amekuonea. Ukishajua mtindo kwenye sahani tatu hakuna jipya la kugundua, ni kubofya tu mpaka mkono ufe ganzi. Hapo naruka bila aibu.

Ile ya vigae kumi na vitano na nafasi moja tupu iliitia wazimu Marekani mwaka 1880. Nusu kamili ya mipangilio yake haipangiki hata ukae mpaka Kiama, na wanahisabati walishalithibitisha hilo tangu 1879. Sam Loyd, mtunzi maarufu wa mafumbo kule Marekani, alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayebadilishana 14 na 15 na kuacha vingine mahali pake. Pesa yake ilikuwa salama, jambo lenyewe haliwezekani. Kwa hiyo mtengenezaji wa gemu akivuruga vigae kwa kuvinyofoa na kuvipachika ovyo, kuna nusu kwa nusu amekupa fumbo lisilo na jibu. Inabidi avuruge kwa kuvitelezesha, kama wewe utakavyovirudisha.

Na ile ya kuvusha mtoni chui, mbuzi na majani, ambayo sisi tumetegewa na bibi zetu, nimeikuta kwenye gemu ya jumba la kifalme la Ulaya wakiwa na mbwa mwitu na kabichi. Mke wangu akalimaliza kabla sijasoma maelezo.

laptopMbovu

Wakuu mimi nina laptopu ya zamani, RAM 2GB, haina kadi ya michoro, na bando ni la kuungaunga. Nianze na ipi? Na je zinahitaji intaneti muda wote?

MfunguaKufuli

Mkuu laptopMbovu, umekuja mahali pako hasa. Gemu hizi nyingi ni picha zilizochorwa, zimetulia, kinachosogea ni moshi, maji na paka mmoja dirishani. Kompyuta haipati tabu kama kwenye gemu za kukimbia mjini. Ukishapakua na kusakinisha, nyingi unacheza bila intaneti. Angalia ukubwa wa faili kabla hujaanza, na kama zipo toleo la kawaida na toleo la wakusanyaji, anza na la kawaida. Lile lingine kubwa lake ni sura ya ziada baada ya hadithi kuisha, nyimbo, picha za ukutani na kitabu cha majibu. Sura ya ziada yenyewe mara nyingi ni fupi na haina uzito wa hadithi kuu.

Usinunue kwa kukisia. Big Fish kwa miaka wamekuwa wakikuruhusu kucheza saa moja bure kabla ya kulipa, na saa moja inatosha kujua kama nyundo itavunjika. Steam, duka la gemu mtandaoni, nao wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza kufikia saa 2. Ila gemu hizi ni fupi, saa mbili ukizubaa zimekwisha na hadithi iko nusu.

Za bei ndogo, tafuta Cube Escape za Rusty Lake, vijana wa Uholanzi walioanza nazo 2015. Uko chumba kimoja, unageuka kuta nne, na kila kuta kuna jambo la kukutia wasiwasi. Zamani zilichezwa bure kwenye kivinjari kwa Flash, programu iliyoendesha gemu ndani ya kivinjari. Flash ilipokaribia kuzikwa mwishoni mwa 2020, wakakusanya tisa za mwanzo wakaziuza kama Cube Escape Collection, bei si kubwa. Tahadhari: zina damu na mambo ya kichawi, usimwachie mtoto.

Bibie_Usiku, nimekusoma. Kitufe cha kuruka sina neno nacho, nakitumia. Ila angalia: mchezaji akiruka kwa sababu amechoka, sawa. Akiruka kwa sababu fumbo halikumpa pa kuanzia, hapo mtengenezaji ameficha uvivu wake nyuma ya kitufe. Mimi vitu hivyo viwili sivichanganyi.

Mhenga_wa_CD

Vijana mnaongea kama mambo yalianza 2005. Myst je? Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, 1993, CD moja, kisiwa kimoja, hakuna maelekezo, hakuna mtu wa kukuuliza unaendeleaje. Kwa miaka iliongoza kwa mauzo kwenye kompyuta mpaka The Sims ilipoipita. Tulikuwa na daftari na kalamu pembeni. Siku hizi gemu inakuandikia yenyewe kwenye shajara, inakuchorea ramani, inakuonyesha kwa alama ya mshangao wapi kuna kazi. Mchezaji amebaki kuwa mpagazi wa kubeba vitu.

MfunguaKufuli

Mhenga shikamoo, ila Myst hiyo hiyo ndiyo nitakayokushtaki nayo.

Kutoka kile kisiwa unaingia dunia nyingine, unaanza na uitakayo. Kumbuka ile dunia ya sauti, una kigari cha reli chini ya ardhi na njia zimepandana kama mizizi. Kila ukisimama kigari kinatoa mlio. Mlio huo ndio unaokuambia upande wa kwenda: kaskazini mlio huu, kusini ule. Utajuaje? Maana ya milio ile umefundishwa kwenye dunia nyingine kabisa, ile ya mitambo, ambako ngome inazungushwa na kila upande una mlio wake. Aliyeanza na dunia ya mitambo anaona kazi safi mno. Aliyeanza na kigari hajui hata kwamba kuna kitu anakosa, anajaribu njia moja moja na kuchora kwenye daftari lako hilo. Fumbo ni lile lile, kwa mmoja lina haki na kwa mwingine halina, na kilichowatenganisha ni mlango waliotangulia kuufungua.

Na ile roketi ya noti za muziki? Asiyesikia vizuri, au sikio lake halitofautishi noti, afanyeje? Kuipenda naipenda, lakini tusiisafishe kwa sababu ya utoto wetu.

Mhenga_wa_CD

Marahaba. Kwenye roketi nakubali. Kwenye kigari sikubali. Kurudi nyuma na kugundua kwamba jibu lilikuwa dunia nyingine ndiyo ilikuwa zawadi. Mlipewa dunia nne bila mpangilio ili mhangaike.

Ticha_wa_Hesabu

Mhenga, mtihani wangu ukiwa na swali la mada ambayo sijafundisha, mkuu wa shule ataniita, hata nikimwambia ni zawadi 😄

Mpelelezi_Mstaafu

Naongeza hoja ya kubahatisha aliyoigusa mleta uzi. Kuna walioifikiria kweli. Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, 2018: meli imerudi tupu, watu 60, ueleze kila mmoja ni nani na kilimpata nini. Gemu haikuthibitishii jibu moja moja, inasubiri mpaka uwe na matatu sahihi. Kubahatisha kunakuwa kazi kubwa kuliko kufikiri. The Case of the Golden Idol ya Latvia, 2022, ina njia yake: unaokota maneno kwenye picha ya tukio, unajaza mapengo ya hadithi, na ukikaribia inakuambia tu kwamba makosa ni mawili au chini ya hapo. Hapo unabaki unauma kucha, kwa kuwa hujui ni yapi.

Bibie_Usiku

Hizo nimejaribu, nzuri, lakini si za kupumzika, ni kesi za mahakamani. Na zina Kiingereza kingi. Kwenye The Room ndipo nilipokutana katikati na mleta uzi: sanduku moja la mbao na shaba mbele yako, unalizungusha, unabonyeza, unavuta, kumbe mguu wa meza unazunguka, ndani kuna ufunguo, na ufunguo wenyewe unabadilika umbo. Hakuna kurandaranda. Kila kitu kiko juu ya sanduku, na macho yangu yanafanya kazi niliyoyapa.

MfunguaKufuli

Dada hapo tumepatana. The Room ya Fireproof wa Uingereza ilianzia kwenye iPad 2012, ikaja kompyuta 2014 ikiwa imechorwa upya, kwa hiyo laptopMbovu hiyo iache kwanza. Ile lenzi yake ndiyo ninayoisifia. Wanakupa mapema, inakaa nawe mpaka mwisho, na haivunjiki baada ya kazi moja. Kila ukikwama unajiuliza, "nimetazama kwa lenzi?" Zana moja yenye sheria moja inayoeleweka inanipa kazi ya akili kuliko zana arobaini za kutumia mara moja. Nyundo zangu zote zingekuwa hivyo nisingeanzisha uzi huu.

Chuma_Chakavu

Mimi nilikuja kucheka ila hiyo ya sanduku nimetazama video yake YouTube dakika arobaini. Swali: mbona za kwenye simu zinakuwa bure halafu zinakwambia nguvu zimeisha, subiri au lipa?

Mpelelezi_Mstaafu

Fuata pesa, kijana. Big Fish ilinunuliwa 2014 na Churchill Downs, wenye mbio za farasi za Kentucky, kwa dola kama milioni 885. Mwaka 2018 ikauzwa tena kwa Aristocrat wa Australia, dola milioni 990. Aristocrat ni watengenezaji wa mashine za kamari. Hakuna kati yao aliyetoa fedha hizo kwa ajili ya kuokota mishale ya saa, Big Fish walikuwa na gemu za kasino za kwenye simu na huko ndiko kulikokuwa na hela. Gemu ya kununua mara moja inakulipa mara moja, ile ya nguvu kuisha inakulipa kila siku ambayo mtu hana subira.

MfunguaKufuli

Na inaharibu fumbo lenyewe. Ikiwa kukwama kwangu ndiko kunakomlipa, mtengenezaji ana sababu gani ya kunipa fumbo lenye haki? Atanikwamisha pale ambapo pochi iko karibu. Mimi za hivyo sigusi, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Mama_Pacha

Samahanini nachelewa kwenye mjadala. Nina watoto wa miaka sita, Kiingereza bado, na sitaki mauzauza. Kati ya zote mlizotaja kuna yao?

Bibie_Usiku

Dada, Botanicula. Ni ya hao hao wa Machinarium, 2012. Viumbe vitano vidogo vinavyoishi juu ya mti vinaokoa mbegu ya mwisho ya mti wao. Haina maneno, ukigusa chochote kinaimba au kinapiga chafya. Kuna wadudu weusi wanaofyonza mti, wanatisha kidogo, kaa nao mara ya kwanza.

MfunguaKufuli

Naunga mkono. Hidden Folks pia, ya 2017: michoro ya mkono nyeusi na nyeupe, unamtafuta mtu kwenye msitu wa vitu, na kila mlio umetolewa kwa mdomo wa binadamu, hata wa gari. Ina sentensi fupi za kuelekeza, ila picha ya unayemtafuta unaiona pale chini, kwa hiyo asiyesoma naye anacheza. Wape mausi moja kwa zamu. Ugomvi utakuwepo, huo sina dawa yake.

laptopMbovu

Nimepakua Machinarium jana usiku, inakwenda bila kugoma. Nimekwama kwenye daraja la kuingilia mjini, mlinzi ananikataa. Msinipe jibu, niambieni tu kama nina kila kitu.

MfunguaKufuli

Vyote viko hapo hapo ulipo, mkuu. Mwangalie mlinzi anamruhusu nani apite, halafu jiangalie wewe.